MSITU WENU UNA WATOTO?

Tazama zizi la mbuzi. Likiwa na mbuzi wazee watupu, utafurahi? Hapana. Wakichinjwa hao, zizi litabaki tupu. Msitu nao ni hivyo. Msitu mzuri una miti midogo mingi, ya kati kiasi, na mikubwa michache. Miti midogo mingi hufa kabla ya kunenepa. Kwa hiyo lazima iwe mingi.

Mwaka 1898 mtaalamu wa misitu wa Ufaransa, de Liocourt, alieleza jambo hili kwa hesabu. Hesabu hiyo hata kijiji kinaweza kuifanya.

Chukueni kamba. Pigeni fundo kila baada ya sentimita 60. Ingieni msituni. Chagueni sehemu mbalimbali, nzuri na mbaya. Msichague penye miti mizuri tu. Kila sehemu simamisheni kijiti, mzunguke na kamba ya mita 15. Pimeni kila mti ulio ndani ya duara. Zungusheni kamba ya mafundo kwenye shina, usawa wa kifua. Usiofika fundo la kwanza ni kundi la 1. Uliopita fundo la kwanza ni kundi la 2. Uliopita la pili ni kundi la 3. Uliopita la tatu ni kundi la 4. Andikeni na jina la mti.

Tuseme mmepata hivi:

Kundi la 1: miti yote 80, mininga 1.
Kundi la 2: miti yote 40, mininga 2.
Kundi la 3: miti yote 20, mininga 4.
Kundi la 4: miti yote 10, mininga 5.

Tazama miti yote. Kila kundi ni nusu ya kundi lililotangulia. Msitu unaonekana mzuri. Sasa tazama mininga peke yake. Wazee ni wengi, mtoto ni mmoja tu! Mkikata ile 5 minene, baadaye mtakata nini?

Ndiyo sababu msitu wa miti mchanganyiko huhesabiwa kwa kila aina. Tena miti hailingani kwa kukua. Mpingo hukua polepole sana, na haunenepi kama mninga. Mpingo wa kundi la 1 unaweza kuwa mzee. Msiuite mtoto.

Kwa nini mininga michanga hukosekana? Sababu moja ni moto. Mche wa mninga hufa juu wakati wa kiangazi, ukachipua tena kutoka mizizini. Hufanya hivyo kwa miaka mingi kabla ya kurefuka. Moto wa kila mwaka huurudisha chini. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio mkali zaidi.

Fanyeni nini? Acheni kwanza kukata mninga. Bakizeni mikubwa itoe mbegu. Zuieni moto. Mwiteni bwana misitu aone hesabu yenu. Baada ya miaka michache pimeni tena mahali pale pale.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji cha Tanzania kuwa na msitu wake wa hifadhi. Msitu ni wenu. Basi kabla ya kuuza mti mmoja, ulizaneni katika mkutano wa kijiji: mti huu umeacha watoto wangapi?