CENTOS NA AHADI YA MWAKA 2029

Wanachama wenzangu, kompyuta haifanyi kazi ila iwe na programu ya kuisimamia. Katika kompyuta kubwa zinazohifadhi kurasa za intaneti, hesabu za maduka na madaftari ya vyuo, programu itumikayo sana ni Linux, iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana mwanafunzi wa Helsinki. Sharti lake ni hili: anayepewa programu hupewa pia msimbo wake, yaani maandishi ya asili ya mafundi, naye ana rukhsa kuubadili na kuwagawia wengine.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilitajirika kwa Linux. Haikuuza msimbo, iliuza matengenezo na dhamana kwa malipo ya kila mwaka. Mnamo 2004 watu wa kujitolea wakauchukua msimbo huo, uliokuwa wazi, wakaondoa jina na alama za kampuni, wakaujenga upya na kuutoa bure kwa jina la CentOS. Hapana wizi hapo, kwani sharti lenyewe linaruhusu. Aliyetumia CentOS alipata karibu kitu kile kile cha Red Hat, ila mashine ikimharibikia hakuwa na kampuni ya kuidai. Wenye fedha kidogo na mafundi hodari waliridhika nayo, na wakawa wengi mno.

Mwezi wa Januari 2014 Red Hat ikaichukua CentOS chini ya mbawa zake. Baadhi ya mafundi wake wakaajiriwa, na jina la CentOS likawa mali ya kampuni. Watumiaji wengi walishukuru, maana waliokuwa wakifanya kazi usiku bila ya ujira sasa walikuwa na mshahara. Sisi watu wa visiwani tunajua kwamba mwenye mikarafuu na mwenye ardhi huweza kuwa watu wawili, na kwamba siku ya mambo ndipo hujulikana nani mwenye nini. Msimbo ulikuwa wa kila mtu. Jina, mashine za kujengea na tarehe za matengenezo havikuwa vya kila mtu.

Julai 2019 kampuni ya IBM ikamaliza kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Septemba mwaka huo huo ikatoka CentOS ya 8, na watumiaji wakaarifiwa kuwa itatunzwa mpaka Mei 2029. Wakapanga mambo yao kwa tarehe hiyo. Kisha tarehe 8 Desemba 2020 ikaja khabari kwamba CentOS ya 8 itakoma tarehe 31 Desemba 2021. Miaka minane na zaidi ikageuka kuwa mwaka mmoja na siku chache! Badala yake watu wakaelekezwa kwenye CentOS Stream, ambayo haiifuati Red Hat bali huitangulia kidogo, yaani mabadiliko hupita huko kwanza.

Ajabu ni kwamba aliyeumia ni yule aliyekuwa mwepesi. Aliyebaki na CentOS ya 7, iliyo kongwe, aliachiwa mpaka Juni 2024. Aliyefanya bidii akahamia ya 8 ndiye aliyetakiwa kuhama tena. Na kuhamisha mashine ya kazi si kama kuhamisha kiti. Lazima kila kitu kinakiliwe, programu zijaribiwe moja moja, na kazi isimame hali wateja wanangoja.

Kampuni ilitoa kifuta machozi: tangu Februari 2021 mtu aliyejiandikisha aliweza kutumia bidhaa yake bure katika mashine zisizozidi 16. Kwa fundi mmoja hilo ni jambo jema, bali kwa mwenye mashine mia tano halimfai kitu.

Hapo ndipo rukhsa ile ya asili ilipofaa. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alitangaza mkusanyo mpya, akauita Rocky Linux kwa kumkumbuka mwenzake marehemu Rocky McGaugh. Kampuni ya CloudLinux ikaanzisha AlmaLinux, iliyotoka Machi 2021, ikaiweka mikononi mwa taasisi isiyo ya faida. Maabara za fizikia za CERN na Fermilab, ambazo mwaka 2019 ziliacha kujenga mkusanyo wao mpya zikiitegemea CentOS ya 8, zikatangaza Desemba 2022 kuwa zitatumia AlmaLinux.

Juni 2023 Red Hat ikakaza tena: msimbo kamili wa bidhaa yake ukawa kwa wateja tu, na wengine wakabakiwa na ule wa Stream. Ilisema kwamba anayenakili bila ya kuongeza kitu haileti faida. Kwa maoni yangu kampuni ina haki ya kutafuta riziki, na kulipa mafundi si mchezo. Lawama yangu ni juu ya ile tarehe ya 2029, ambayo watu waliijengea kazi zao. Julai hiyo AlmaLinux ikaacha kunakili herufi kwa herufi, ikashika jambo moja: programu iendayo katika Red Hat iende na kwake.

CentOS ya 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Jina la CentOS lingalipo, nalo lingali la Red Hat, ila linalobeba sasa ni Stream peke yake.