Mandapa, Chandarua au Hema?

Mfasiri anayeeleza arusi ya Kihindu hulikuta mapema neno mandap, na mara nyingi huandika "hema" au "kibanda". Yote mawili yapotosha. Hema huweza kufungwa pande zote, na kibanda hudunisha. Mandap ni paa lililoinuliwa juu ya nguzo, kwa kawaida nne, nalo huachwa wazi, kwani chini yake huwashwa moto ambao maarusi huuzunguka.

Hapa si suala la mapambo tu. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955 yaeleza kwamba, pale ibada inapokuwa na hatua saba mbele ya moto, ndoa hutimia hatua ya saba ipigwapo. Basi mahali penyewe pastahili jina lisilo na utata.

Mitindo nayo hutofautiana. Watamil, ambao huita pandal, hufunga migomba mlangoni. Wabengali huisimamisha katika pembe nne. Familia inayochagua baina ya nguzo za mbao na migomba haiwezi kusaidiwa na neno "hema".

Je, chandarua? Neno hili ni jamaa wa chandarvo la Kigujarati, yaani kitambaa kitandazwacho juu. Bahati mbaya, wengi wetu tulisikiapo huwaza mbu. Twapendekeza libakie kwa kitambaa cha juu pekee, na jengo zima liitwe mandapa, katika ngeli ya I-/ZI-: mandapa ya nguzo nne, mandapa za migomba.