Mkono Unaojirusha Hauna Jini

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu kutoka Buyenzi na mitaa mingineyo ya Bujumbura, hakuna linaloulizwa kwa hofu kama hili la mzee aliyelala salama, akaamka mkono na mguu wa upande mmoja vikijirusha ovyo, vikipiga ukuta na kupindua kikombe cha chai, pasi na mwenyewe kutaka. Na jamaa zake, kabla ya kumwona tabibu, wamekwisha kumwita mganga wa kupunga majini.

Jini hana hisa katika jambo hili. Ndani kabisa ya ubongo, chini ya sehemu iitwayo thalamasi, kila upande pana kiini bapa kisichofika urefu wa sentimita moja na nusu, alichokieleza tabibu Mfaransa Jules Bernard Luys mwaka 1865. Na ajabu yake ni kuwa hakiamrishi kiungo kitikisike, bali hushika hatamu, kwani hupeleka ishara za kukiamsha kiini kingine, pallidumu, ambacho kazi yake ni kuizuia thalamasi isichochee harakati zisizotakiwa, hata ikawa kumwamsha mzuiaji ndiko kuzuia kwenyewe. Kiharusi kidogo kikikiharibu kiini cha kulia, pallidumu hukosa wa kuiamsha, thalamasi huachiwa, na viungo vya kushoto ndivyo virukavyo, kwa kuwa nyuzi za amri huvuka upande. Mgonjwa akipata usingizi, aghalabu vurugu hilo hutulia. Basi waganga watuambie, jini naye husinzia?

Kiini hichohicho kikizidisha kazi, kama ilivyo katika maradhi ya Parkinson ambamo kemikali ya ubongo iitwayo dopamini hupungua, mwili hukakamaa na kuwa mzito. Hagai Bergman na wenzake walipokiharibu kwa tumbili waliotiwa dalili za maradhi hayo, mwaka 1990, wanyama walipata nafuu. Na mwaka 1993 Alim Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, wakaanza kukituliza kwa umeme katika wagonjwa. Kwetu Afrika Mashariki, hata maradhi hayo kutambuliwa ni shida: utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao tabibu alikuwa hajapata kuwatambua.

Basi mzee aliyeamka mkono na mguu vikijirusha apelekwe hospitali saa hiyohiyo, apimwe shinikizo la damu na sukari, kwani sukari iliyopanda mno nayo huweza kuleta harakati hizo, na hiyo hushushwa kwa dawa. Fedha ya jogoo mwekundu anayetakwa na mganga ilipe vipimo.