Somo la Neva Liko Forodhani

Ngisi anayeuzwa kwenye meza za bustani ya Forodhani, Unguja, kila jioni, pembeni ya mishkaki na juisi ya miwa, alikuwa na kitu mwilini ambacho wanafunzi wa sayansi ya ubongo duniani kote hukisoma mwanzoni kabisa mwa masomo yao: uzi wa neva mnene kiasi cha kuonekana kwa macho.

Ngisi akishtuka huubana mwili wake ghafla, maji yakatoka kwa nguvu kupitia bomba dogo lililo chini ya kichwa, naye akachupa kinyumenyume. Ili misuli yote ibane kwa pamoja, taarifa lazima ifike haraka, na katika neva zisizofunikwa kwa tabaka la mafuta, unene ndio mwendo. Ngisi wa Atlantiki wana uzi unaofikia karibu milimita 1. Nyuzi zetu binadamu zilizo nene kabisa zina kama sehemu 2 za mia za milimita. Nyuzi hizo nene za ngisi ziliwahi kudhaniwa kuwa mishipa ya damu, hadi Mwingereza J. Z. Young alipoonyesha mwaka 1936 kwamba ni neva.

Hapo mlango ukafunguka. Mwaka 1939, mjini Plymouth, Uingereza, wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza kifaa chembamba cha kupimia umeme ndani ya uzi wenyewe, jambo lisilowezekana kwa neva ya chura wala ya mtu. Vita vya Pili vya Dunia vikawakatisha. Walirudi kazini baadaye, na mwaka 1952 wakachapisha maelezo kamili, kwa hesabu, ya jinsi neva inavyopeleka taarifa. Neva iliyotulia, ndani yake huwa na umeme hasi kuliko nje, kwa takriban milivolti 70. Ikichochewa, vijilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu ikamiminika ndani, kisha potasiamu ikatoka nje na hali ikarejea ilivyokuwa. Yote hayo huchukua kama sehemu 1 ya elfu ya sekunde. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963, pamoja na John Eccles. Sodiamu yenyewe ni hiyohiyo iliyomo katika chumvi ya maji yanayopiga ukuta wa Forodhani.

Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, hukutana na habari hii katika somo la fiziolojia, kama wenzake wa Muhimbili, Makerere au Nairobi. Kwa kawaida somo hilo huwa na mstari uliopanda na kushuka kitabuni, na namba za kukariri kabla ya mtihani. Naona ni hasara kubwa. Kijana aliyekula ngisi tangu utotoni anamaliza somo akiamini kwamba sayansi ya neva ilitoka nchi za mbali, ikatumia vitu vya mbali, na kwamba yeye ni mpokeaji tu.

Kisha yuko pweza, na hapa ndipo ninapotamani mwanafunzi akae zaidi. Pweza wa kawaida aliyechunguzwa sana Ulaya ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo hazimo kichwani, zimo katika minyiri minane. Mwaka 2001 watafiti wa Jerusalem wakiongozwa na Binyamin Hochner walionyesha kwamba mnyiri uliotengwa na ubongo, ukichochewa, hujinyoosha kwa mtindo uleule wa mnyiri wa pweza mzima. Maana yake ubongo hauhitaji kuelekeza kila msuli. Hutoa amri kama nahodha anavyosema tanga lipandishwe, na mabaharia wanajua kamba ipi ishikwe na nani. Mpishi aliyewahi kukata pweza akiwa bado mbichi kabisa ameona mnyiri ukijikunja juu ya ubao.

Lakini zikiwa sehemu nyingi hivyo zinajiamulia, kwa nini minyiri haijifungi yenyewe kwa yenyewe? Jibu lilichapishwa mwaka 2014 na kundi hilohilo. Vinyonyeo vya mnyiri uliokatwa vilishika karibu kila kilichowekwa mbele yake isipokuwa ngozi ya pweza. Mnyiri mwingine ukichunwa ngozi, hushikwa. Kuna kitu katika ngozi kinachozuia vinyonyeo visishike, na ubongo hauhitaji kuulizwa.

Pweza anayevuliwa zaidi Unguja ni *Octopus cyanea*, anayewinda mchana. Mwaka 2002 watafiti Martin Guard na Yunus Mgaya walichapisha utafiti kuhusu uvuvi wake Tanzania. Wachokoaji wa pweza wanaotembea juu ya mwamba wakati wa bamvua, maji yakishatoka, huliona shimo lake kwa magamba aliyoyatupa mlangoni, na humtambua hata akiwa amejifananisha na jiwe. Huo ni ujuzi wa tabia ya mnyama mwenye ubongo mkubwa. Mwanafunzi anayetaka kujua pweza hujificha vipi na hula nini, mwalimu wake wa kwanza anaweza kuwa mama mchokoaji wa kijiji cha Jambiani.

Tukirudi Forodhani, pale ukutani vijana wa makachu, wanaojirusha baharini, nao wanatoa somo lao. Tuchukue kwamba maji yako mita 3 chini: kuanguka tu huchukua kidogo zaidi ya robo tatu ya sekunde, na ndani ya muda huo kijana amezunguka hewani na kujinyoosha. Hawezi kutegemea macho peke yake. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, kila mmoja ukipima mzunguko wa upande wake, na taarifa zake huyageuza macho kabla fikra haijapata nafasi ya kuingia. Kupanga mruko ni kazi ambayo serebela, sehemu iliyo nyuma ya ubongo chini, ina mkono mkubwa ndani yake. Hesabu aliyoifanya Suzana Herculano-Houzel na wenzake mwaka 2009 ilipata takriban seli za neva bilioni 86 katika ubongo wa mtu, na bilioni 69 kati ya hizo zimo serebela.

Mruko huohuo, maji yakiwa haba, unaweza kuvunja shingo na kukata mawasiliano ya uti wa mgongo. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mwendo mfupi kutoka Forodhani, kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo na mgongo iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa shirika la NED la Hispania. Watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi hutibiwa hapo. Daktari kijana anayeingia wodini humo anahitaji kuijua neva kwa undani, maana mgonjwa hafanani na mchoro wa kitabuni.

Na Tanzania imeshachangia elimu hii. Katika ukame wa katikati ya miaka ya 1980, baadhi ya watu wa wilaya ya Tarime walipooza miguu ghafla. Mwaka 1990 daktari wa neva William Howlett, mtaalamu wa chakula Nicholas Mlingi, Hans Rosling na mwenzao walichapisha uchunguzi wao kuhusu ugonjwa huo, konzo: muhogo mchungu usioandaliwa kwa muda wa kutosha, ukiliwa na watu waliokosa protini, huacha mwilini sumu ya sianidi inayohusishwa na kuharibika kwa neva za kuendesha misuli. Jawabu lilihitaji daktari wa neva na mtu anayejua jinsi muhogo unavyolowekwa.

Vifaa vya gharama si kikwazo cha kuanzia. Shirika la TReND in Africa limefundisha sayansi ya neva kwa inzi wa matunda huko Ishaka, Uganda. Kwa Unguja ningeanza na ngisi aliyekwisha kuvuliwa, asubuhi, kutoka diko la Malindi. Simshauri mtu kukata mnyama aliye hai: mwaka 2022 sheria ya Uingereza iliwatambua pweza na ngisi kuwa viumbe wenye hisia, na nakubaliana nayo. Mpasue fuko la mwili kwa upande wa chini, toa matumbo, uoshe kwa maji ya bahari. Ukutani ndani, kulia na kushoto, kuna kifundo cheupe chenye umbo la nyota, na neva zimesambaa kutoka humo. Fuata ile ndefu inayoelekea mkiani, itoe taratibu, uiweke chini ya hadubini ya skuli yenye mwanga kwa chini, kisha upime unene wa uzi mkubwa uliomo ndani yake.