Dawa Iliyotoka Katika Udongo



Sasa unajua kusoma. Unajua kwamba kitabu kikifungwa hakisomeki. Maneno yamo ndani, lakini hayafanyi kazi mpaka mtu afungue ukurasa. Likumbuke jambo hilo. Litatusaidia kuelewa ugonjwa wa saratani, ambao wengi huuita kansa. Litatusaidia pia kuelewa dawa moja inayotibu aina fulani ya ugonjwa huo.

Saratani ni nini?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli. Seli ni chembe ndogo sana, ambazo huonekana kwa hadubini tu. Ndani ya seli mna maagizo ya kazi. Maagizo hayo huitwa jeni. Jeni moja huiambia seli igawanyike, ziwe mbili. Nyingine huiambia isimame. Nyingine huiambia seli iliyoharibika ife, ili isiwadhuru wenzake.

Seli ikiacha kufuata maagizo, hugawanyika ovyo. Seli hizo mbovu huongezeka na kuvamia sehemu nyingine za mwili. Huo ndio ugonjwa wa saratani. Si uchawi. Wala huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa.

Ukurasa uliofungwa

Maagizo ya seli yamo katika kitu kinachofanana na uzi mrefu, mwembamba sana. Uzi huo umezungushiwa kwenye protini, kama uzi wa fundi cherehani ulivyozungushiwa kwenye kijiti. Uzi ukilegea, maagizo husomeka. Uzi ukikazwa sana, hayasomeki.

Katika saratani, baadhi ya maagizo huwa yameharibika, kama ukurasa uliochanika. Lakini mengine huwa mazima, ila yamefungwa. Agizo la kusimama lipo, lakini seli haiwezi kulisoma. Elimu ya namna maagizo hayo yanavyofungwa na kufunguliwa huitwa epijenetiki. Elimu hii inatupa matumaini, kwa sababu ukurasa uliofungwa unaweza kufunguliwa tena.

Je, ni dawa gani inayoweza kuufungua?

Bakteria wa Yamagata

Twende nchi ya Japani. Huko wataalamu wa kampuni ya Fujisawa walichukua udongo katika mkoa wa Yamagata. Ndani ya udongo huo walipata bakteria mwenye rangi ya zambarau. Mwaka 1994 walitangaza kwamba bakteria huyo hutengeneza kitu kinachozuia seli za saratani. Kitu hicho huitwa romidepsini.

Romidepsini ni aina ya peptidi. Peptidi ni vipande vidogo vya protini vilivyoungwa pamoja, kama shanga katika uzi. Peptidi nyingi zina ncha mbili, na mwili huweza kuzimega kuanzia kwenye ncha hizo. Lakini romidepsini imefungwa duara, kama bangili. Peptidi za namna hiyo hazimegwi kwa urahisi.

Dawa hii ikiingia katika seli, sehemu yake moja hufunguka na kuwa kama ndoana. Ndoana hiyo humnasa yule "mfanyakazi" wa seli anayeukaza uzi. Mfanyakazi huyo ni kimeng'enya. Akishanaswa, uzi hulegea. Ukurasa hufunguka. Seli mbovu husoma tena agizo: simama, au kufa. Wataalamu wa Japani walieleza kazi hii mwaka 1998.

Udongo si dawa

Hapa soma polepole. Usiseme, "Basi na mimi nitapaka udongo." Bakteria huyo huyo akiingia katika kidonda, anaweza kuleta ugonjwa mkali na kumwua mtu. Dawa ni kile kitu kimoja kilichotengwa, kikasafishwa na kupimwa kiasi chake.

Kazi hiyo ilichukua muda. Marekani iliiruhusu dawa hii mwaka 2009, yaani miaka 15 baada ya kutangazwa. Iliruhusiwa kutibu saratani moja ya chembe nyeupe za damu, ambayo hushika ngozi. Mgonjwa hutiwa dawa hiyo katika mshipa kwa muda wa saa 4. Hufanya hivyo mara moja kwa wiki, kwa wiki 3. Wiki ya 4 hupumzika. Dawa huweza kuleta kichefuchefu na uchovu. Pia huweza kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa.

Katika majaribio, mgonjwa kama mmoja kati ya watatu alipata nafuu. Wengine hawakupata. Basi mtu akikuambia kwamba ana dawa moja ya kuponya saratani zote, usimpe fedha zako.

Wewe ufanye nini?

Nenda zahanati au hospitali ukiona mambo haya:
- uvimbe usiokwisha;
- kidonda kisichopona;
- kutokwa damu kusiko kwa kawaida;
- mabaka ya ngozi yanayodumu kwa miezi mingi.

Huenda si saratani. Lakini huwezi kujua kwa kukaa nyumbani. Hospitalini daktari anaweza kukata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe kwa hadubini. Usikiogope kipimo hicho. Saratani nyingi zikijulikana mapema, hutibika kwa urahisi zaidi. Zikicheleweshwa, hata dawa nzuri huweza kushindwa.

Maswali

1. Jeni ni nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya ukurasa uliochanika na ukurasa uliofungwa?
3. Kwa nini hatuwezi kutumia udongo badala ya dawa?
4. Jirani yako ana kidonda kisichopona kwa miezi mitatu. Utamshauri nini?