Kipimo cha malaria kina dakika zake

Mtoto akichemka usiku pale Lizaboni au Mshangano, asubuhi mama humbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi humchoma kidole, hudondosha damu kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, na hapo ndipo haraka huanza.

Foleni ni ndefu, tunajua. Lakini kipimo kina muda wake ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15 au 20. Kikisomwa mapema, mstari hafifu wa T huenda haujajitokeza, na mtoto mwenye malaria akarudishwa nyumbani bila dawa mseto. Kikisahauliwa mezani saa nzima, mstari wa uongo unaweza kutokea. Mtoto atapewa dawa ya malaria, kumbe homa yake ni nimonia.

Mama, tazama pia mstari wa C. Usipotokea, kipimo kimeharibika hata kama T ipo, na apimwe upya kwa kingine. Pakiti ifunguliwe mbele yako, na tarehe ya mwisho wa matumizi isiwe imepita. Kuuliza si ukorofi.

Kuna hili ambalo husahaulika: mtoto aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita anaweza bado kuonyesha T. Vipimo vingi hunasa protini ya vimelea, nayo hubaki damuni hata vimelea vikishakufa. Mweleze muuguzi mapema. Hapo inafaa darubini, na kama zahanati haina, omba rufaa ya kwenda kituo cha afya.