Istilahi za Mpira wa Wavu katika Mashindano ya Shule na Vyuo

Mashindano ya mpira wa wavu ya shule na vyuo yana maandishi mengi kuliko wengi wadhanivyo. Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, kuna barua ya wito, kanuni za mashindano, fomu ya kumwandikisha mchezaji, cheti cha kuzaliwa, na orodha ya majina itiwayo sahihi na mkuu wa shule. Mpira ukiisha kutulia, huja taarifa ya mwamuzi na, mara nyingine, rufani. Hapa Tanzania sehemu kubwa ya maandishi hayo huwa kwa Kiswahili, ilhali sheria zenyewe za mchezo hutoka kwa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu (FIVB) katika lugha za kigeni. Anayesimama katikati ni mtafsiri, au mwalimu wa michezo aliyegeuzwa mtafsiri bila ya kuulizwa. Tunakusudia kuyatazama hapa baadhi ya maneno anayokutana nayo. Tutaanza na yale yanayoamua nani acheze na nani arudishwe nyumbani, kwani neno baya la ufundi huleta kicheko tu, lakini neno baya la masharti humnyima mtoto haki yake.

Kijana ni nani?

Barua ikisema "timu ya vijana", mpokeaji aelewe nini? Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 yamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yamtaja kuwa ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Katika mpira wa wavu wa kimataifa, madaraja ya vijana ni ya chini ya miaka 19, chini ya miaka 21, na mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 30, mwenye watoto wawili, ni kijana kwa sera, ni kijana kwa katiba ya jirani, na ni mkongwe kwa mwamuzi. Afisa wa wilaya akimpeleka kwa kuitika barua ile, hajakosa lolote kwa mujibu wa Kiswahili alichoandikiwa.

Wako wanaopendekeza neno "chipukizi" litumike kwa daraja la chini na "kijana" kwa daraja la juu yake. Pendekezo hilo lina ladha, lakini halitufai. Chipukizi katika matumizi ya leo ni mtu anayeanza kujulikana katika kazi yake, hata awe na miaka arobaini. Twasoma kila wiki habari za mwimbaji chipukizi mwenye mvi. Neno hilo lapima sifa, halipimi miaka. Sisi tunaona maneno yote mawili yabaki katika vichwa vya habari na katika hotuba, na kifungu cha masharti kitaje mwaka wa kuzaliwa, basi.

Hata maneno "chini ya umri wa miaka 21" hayana usalama yanayoonekana kuwa nayo. Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu atakayetimiza miaka 21 kesho, leo yu chini ya 21. Lakini FIVB huhesabu kwa mwaka wa kuzaliwa: katika mashindano ya dunia ya daraja hilo ya mwaka 2023, waliostahili ni waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2003. Mtafsiri akiandika "waliozaliwa baada ya tarehe 1 Januari 2003", amemtoa nje aliyezaliwa siku hiyo hiyo. Jambo hili laweza kuonekana dogo mno. Si dogo katika nchi zetu, ambako wapo watu wengi walioandikiwa tarehe 1 Januari katika hati zao kwa sababu siku yenyewe haikujulikana, na karani hakutaka kuacha nafasi tupu. Yafaa kuandika "waliozaliwa tarehe 1 Januari 2003 au baadaye", wala tusiyaone maneno hayo kuwa marefu.

Mamluki na kijeba

Hapa lugha ya viwanjani imeitangulia lugha ya ofisini. Katika mashindano ya UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa kwa Shule za Sekondari Tanzania, na hata katika mashindano ya watumishi wa serikali, mchezaji aliyeingizwa katika timu isiyo yake huitwa mamluki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako lilimtaja askari mtumwa, na kwetu limezoeleka kwa maana ya askari wa kukodiwa. Maana ya michezo imepanuliwa kutoka hapo kwa ustadi mkubwa: huyu naye anapigana vita vya wengine. Pamoja nalo kuna neno kijeba, ambalo asili yake ni mtu ambaye umbo lake limebaki dogo kuliko umri wake, na viwanjani ni mchezaji aliyepita umri wa daraja analochezea.

Haya ni makosa mawili mbalimbali, na uzuri wa maneno yetu ni kwamba yanayatenga. Mamluki aweza kuwa na umri halali kabisa, ila si mwanafunzi wa shule ile. Kijeba aweza kuwa mwanafunzi wa kweli, tena mwenye bidii, ila miaka imemzidi. Tumeona kanuni ambazo huyaweka makosa yote mawili chini ya maneno "mchezaji batili", kisha zikatoa adhabu moja. Matokeo yake ni kwamba msichana aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya umaskini wa nyumbani huadhibiwa sawasawa na mchezaji wa klabu aliyevalishwa sare ya shule usiku wa kuamkia mchezo. Huyo wa kwanza huenda hakumdanganya mtu yeyote. Tarehe yake imeandikwa wazi, na mwalimu ndiye asiyeisoma.

Je, maneno haya ya viwanjani yaingie katika kanuni? Tunasita. Yote mawili yana kejeli ndani yake, na hati ya serikali haifai kumkejeli mtoto. Tunapendekeza kanuni ziseme "mchezaji asiyestahili", kisha zibainishe: asiyestahili kwa usajili, asiyestahili kwa umri, asiyestahili kwa uraia wa kimichezo. Hilo la tatu si mamluki wala kijeba. Mwezi Septemba 2021, mashindano ya wanawake ya Afrika yaliyofanyika Kigali yalisimama kwa muda kwa sababu ya shauri la wachezaji wanne wazaliwa wa Brazil katika timu ya Rwanda, na mwishowe Rwanda ikaondolewa. Hakuna aliyeuliza umri wao. Shauri lilikuwa juu ya haki yao ya kuichezea nchi ile. Mwandishi wa habari aliyeandika "mamluki" siku hizo alikuwa amewatukana watu kabla ya hukumu.

Chuo

Neno "chuo" nalo linahitaji uangalifu, ingawa si mkubwa. Watu wa pwani walilitumia tangu zamani kwa kitabu na kwa mahali pa kusomea Kurani. Leo laweza kuwa chuo cha ualimu, cha ufundi, cha uuguzi, au chuo kikuu. Mtafsiri anayepokea habari za Marekani kuhusu mchezo wa vyuo ajue kwamba huko karibu kila mara husemwa vyuo vikuu na vya hadhi inayokaribia hiyo, ambako mchezaji hulipiwa masomo kwa sababu ya mchezo wake. Wasichana kadhaa wa nchi zetu wamepata elimu kwa njia hiyo. Kwa hiyo "ufadhili wa masomo kwa mchezo" ni istilahi inayotakiwa na wazazi kuliko na wanaisimu, na yafaa itofautishwe na "mkopo wa elimu ya juu", ambao hurudishwa.

Maneno ya uwanjani

Mchezo huu ulibuniwa na William G. Morgan mwaka 1895 mjini Holyoke, Massachusetts, naye aliuita Mintonette. Mwaka uliofuata ukapewa jina ulilo nalo leo. Vipimo vyake havina taabu kutafsiri: uwanja wa mita 18 kwa 9, wachezaji sita kila upande, wavu wenye kimo cha mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Tusiseme "urefu wa wavu", kwa maana urefu ni wa kutoka nguzo hadi nguzo.

Taabu huanza mpira ukianza. Neno "seti" limekubalika kwa sehemu ya mchezo, na hatuoni haja ya kuligusa. Lakini Kiingereza hutumia neno hilo hilo kwa pigo la pili, lile la kumpandishia mwenzio mpira karibu na wavu. Tukilitohoa mara mbili, tutapata sentensi kama "alipiga seti nzuri katika seti ya pili". Tunapendekeza tendo liwe "kuinua", au "kumwinulia" kwa anayeinuliwa. Kauli ya kutendea yatufanyia kazi ambayo lugha nyingine huhitaji maneno matatu kuifanya. Mtendaji aliye uwanjani amekwisha kuitwa seta, na tumwache aitwe hivyo. "Mpangaji" lisitumike, maana hilo ni la mwenye nyumba na kodi yake. Wala "mwandalizi", ambaye ni yule aliyeandaa mashindano.

Pigo la kuanzia wengi huliita sevu. Tatizo ni kwamba mpira wa miguu unalo neno la sauti ya karibu sana kwa tendo la kipa kuokoa bao, na vijana wanalo jingine la kuhifadhi namba katika simu. "Kuanzisha" latosha. Pigo la nguvu la kushusha mpira upande wa pili huitwa smashi. Sisi tunaliona neno "kubamiza" kuwa ni bora zaidi, kwa kuwa kila aliyekulia katika nyumba yenye mlango anajua sauti yake. Kutokana nalo tunapata mbamizo na mbamizaji bila ya shida. Wanaoruka na kuinua mikono kumzuia mbamizaji wamejenga ukuta, kama wafanyavyo wachezaji wa mpira wa miguu mbele ya pigo la adhabu. Na ukuta huo waweza kuwa wa mtu mmoja, wawili au watatu.

Neno "mzunguko" ni la kuangaliwa. Wachezaji hubadilishana nafasi kufuata mwendo wa saa kila timu yao inapopata haki ya kuanzisha, na tendo hilo huitwa mzunguko. Ligi nazo zina mzunguko wa kwanza na wa pili. Taarifa isemayo "timu ilikosea katika mzunguko wa pili" ina maana mbili, moja ya dakika moja na nyingine ya miezi mitatu. Ligi zipewe "duru".

Mwaka 1998 yalifanyika mabadiliko ambayo vitabu vingi vya zamani havikuyafuata. Kabla ya hapo timu iliweza kupata alama ilipokuwa na zamu ya kuanzisha tu, na seti ilimalizika kwa alama 15. Sasa kila mpira una alama, ayeyote aliyeuanzisha, na seti huenda hadi 25 kwa tofauti ya mbili. Ile ya tano hukoma kwenye 15. Kwa kipindi kati ya kuanzishwa kwa mpira na kuhukumiwa kwake tunapendekeza "mpishano", na utaratibu mzima uitwe "alama kwa kila mpishano". Mwalimu anayefundisha kwa kitabu cha kale atawazoeza wanafunzi wake kutoogopa kukosea wakati wa kuanzisha, maana zamani waliokosea kupokea walipoteza alama, lakini waliokosea kuanzisha walipoteza zamu tu. Leo kosa la kuanzisha lina bei sawa na makosa mengine yote.

Katika mabadiliko hayo hayo aliingia rasmi libero, mlinzi avaaye jezi ya rangi tofauti, asiyeruhusiwa kujenga ukuta wala kuanza kubadilishana kwa hesabu ya kawaida. Neno ni la Kitaliano, na maana yake ni "huru". Tumeona tafsiri ya "mchezaji huru". Isitumike: katika habari za michezo, mchezaji huru ni yule asiye na mkataba na klabu yoyote. Libero latamkika kwa Kiswahili silabi kwa silabi, na wingi wake ni malibero.

Jina la mchezo wenyewe

Tanzania husema mpira wa wavu. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya husema voliboli, na wachezaji wake ni wanavoliboli. Timu za sekondari za nchi hizi hukutana katika mashindano ya FEASSSA, kama yale ya Arusha mwaka 2022 na ya Huye, Rwanda, mwaka 2023, na hapo majina yote mawili husikika benchi moja. Mpira wa wavu una ndugu zake, yaani mpira wa pete, wa kikapu, wa mikono na wa meza, na mtoto huelewa mara moja. Lakini haunyambuliki. Jaribu kuandika mashindano ya mpira wa wavu wa ufukweni wa wasichana wa shule za sekondari wa chini ya umri wa miaka 17, na msomaji atakuwa amechoka kabla ya kufika ufukweni. Voliboli ya ufukweni ni fupi. Maoni yetu ni kwamba kamusi iyaandike yote mawili kuwa visawe, jina la Kiswahili libaki katika jina la mchezo na la vyama vyake, na voliboli iruhusiwe pale ambapo vihusishi vimezidi viwili. Katika fomu ya usajili, ambako kisanduku ni kidogo na mzazi anajaza kwa kalamu, yaandikwe yote mawili kwa mkwaju katikati.